Mzee Anapokohoa: Dawa za Mimea Zinasaidia Hadi Wapi?

Kuanzia Aprili, kusi inapoanza kuvuma na mvua za masika kunyesha, vikohozi husikika katika nyumba nyingi za Kilifi. Watoto hukohoa wakapona. Vijana hupiga chafya siku mbili tatu wakarudi kazini. Kwa mtu aliyevuka miaka 60 mambo huwa tofauti: mafua yaleyale yaliyomsumbua mjukuu kwa siku tatu yanaweza kumshukia babu kifuani yakawa nimonia.

Jambo la kwanza ambalo familia nyingi hufanya ni kuchemsha kitu. Tangawizi na limau, kitunguu saumu, majani ya mwarobaini, mlonge, habasoda na asali. Siku hizi kuna pia tembe, unga na dawa za maji za mimea zinazouzwa madukani, sokoni na kwenye simu kama virutubisho vya kuongeza kinga. Wakazi huuliza: je, vitu hivi vinafanya kazi? Jibu fupi ni kwamba baadhi yake hutuliza koo na kumfanya mgonjwa ajisikie vizuri, lakini hakuna hata kimoja kilichothibitishwa kutibu nimonia au kifua kikuu. Hatari kubwa si kikombe cha tangawizi. Hatari ni siku zinazopita familia ikisubiri kikombe hicho kifanye kazi ya hospitali.

Siku za kungoja

Chukua mfano wa nyanya wa miaka 74 anayeishi na wajukuu wake. Jumatatu anaanza kukohoa. Jioni anapewa tangawizi, limau na asali, analala vizuri. Jumatano kikohozi kimezidi, hivyo anachemshiwa mwarobaini. Ijumaa mwanawe anafika kutoka Mombasa na kopo la unga wa mimea ambalo muuzaji amemhakikishia kuwa husafisha mapafu. Jumamosi nyanya hataki kula, anasinzia mchana kutwa na anamwita mjukuu kwa jina la mtu mwingine. Wakimgusa paji la uso, hana joto. Wanasema ni uzee na uchovu. Jumapili usiku anahema kwa shida, na familia inaanza kutafuta gari.

Katika mfano huu hakuna aliyefanya jambo kwa nia mbaya, na kila aliyempa dawa alimpa kwa mapenzi. Kosa ni moja: dalili za Jumamosi hazikutambuliwa. Nimonia ya mzee haiji kila mara na homa kali. Mara nyingi huja kwa kuchanganyikiwa, kukosa hamu ya kula, kulala kupita kiasi au kuanguka ghafla. Siku zilizopita zilikuwa ndizo siku nzuri zaidi za kuanza matibabu.

Kwa nini kifua cha mzee ni tofauti

Kadiri umri unavyosonga, mapafu hupoteza unyumbufu wake na misuli ya kifua hulegea. Kikohozi, ambacho ni ufagio wa kutoa makohozi na vijidudu, hupungua nguvu. Kinga ya mwili nayo huchelewa kutambua adui na huchelewa kumjibu, na ndiyo sababu joto la mwili linaweza lisipande hata pale ugonjwa umeshika.

Wazee wengi pia wana magonjwa mengine kama kisukari, shinikizo la damu, moyo au pumu, na kila moja linaongeza uzito wa maambukizi ya kifua. Miaka mingi ya kupika kwa kuni katika jiko lisilo na dirisha huacha mapafu yakiwa yamechoka, sawa na uvutaji wa sigara. Ini na figo, ambazo ndizo huchuja na kutoa dawa mwilini, hufanya kazi polepole zaidi. Kwa hiyo kipimo cha dawa ambacho kijana hukivumilia, kiwe cha hospitali au cha mizizi, kinaweza kuwa kikubwa mno kwa mzee.

Utafiti unasema nini

Ni vigumu kuijua dawa ya mafua kwa kuitazama tu, kwa sababu mafua ya kawaida huisha yenyewe baada ya siku 7 hadi 10. Chochote kilichonywewa siku ya tano kitapewa sifa siku ya nane. Ndiyo maana watafiti hugawa watu katika makundi mawili, moja likapewa dawa na jingine likapewa kitu kinachofanana nayo lakini kisicho na dawa ndani, kisha wakalinganisha.

Kitunguu saumu kimepimwa hivyo. Utafiti mmoja uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2001 ulifuatilia watu 146 kwa wiki 12. Kundi lililomeza tembe za kitunguu saumu lilipata mafua mara 24, na kundi jingine mara 65. Ni tofauti kubwa, lakini watafiti wa Cochrane, shirika linalokagua ushahidi wa tiba duniani, walipopitia suala hili mwaka 2014 walikuta ni utafiti huo mmoja tu uliofikia kiwango chao. Zaidi ya hayo, ulihusu mafua. Haukuhusu nimonia, na haukufanywa kwa wazee peke yao.

Asali ina ushahidi wa kutuliza kikohozi cha mafua, na ni nafuu kwa koo linalowasha. Mwenye kisukari akumbuke tu kwamba asali ni sukari. Vitamini C, ambayo imo katika limau na machungwa, imefanyiwa tafiti nyingi: kwa watu wengi haizuii mafua, ila kwa wanaoitumia kila siku hupunguza kidogo tu muda wa kuugua. Tangawizi hupasha koo moto na kupunguza kichefuchefu. Habasoda, manjano na mlonge vimeonyesha nguvu fulani katika maabara, lakini kuua kijidudu ndani ya kichupa si sawa na kumponya mtu aliyejaa makohozi mapafuni.

Haya hayamaanishi kwamba mimea inadharauliwa. Dawa kuu ya malaria inayotolewa katika zahanati zetu ina asili ya mmea wa pakanga wa China, na mwanasayansi Tu Youyou alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kuigundua. Lakini kati ya jani la pakanga na tembe ya malaria kuna miaka mingi ya kupima: kiungo gani kinachofanya kazi, kiasi gani, kwa nani, na kina madhara gani. Mwaka 2020, wakati wa korona, kinywaji cha mimea kutoka Madagascar kilichotengenezwa kwa pakanga kilisambazwa katika nchi kadhaa za Afrika kabla ya kupita njia hiyo. Shirika la Afya Duniani lilisema wakati huo kwamba tiba za asili zinakaribishwa, mradi zipimwe kama dawa nyingine yoyote. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 nayo inaitambua tiba ya asili na kutaka isimamiwe.

Mmea wenye nguvu ya kutibu una nguvu ya kudhuru

Wengi husema dawa ya mmea haina madhara kwa kuwa ni ya asili. Wazee wanajua zaidi ya hapo: ukichuma jani lisilofaa, au ukizidisha kipimo, mgonjwa huharisha na kutapika. Tatizo jipya ni kwamba mzee wa leo mara nyingi tayari anameza tembe za hospitali, na mmea unaweza kugongana nazo.

- Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kama warfarin au aspirini, anaweza kutokwa damu kwa urahisi akimeza tembe za kitunguu saumu au unga mwingi wa tangawizi au manjano. Kiasi cha kuungia mchuzi hakina shida.
- Anayetumia dawa ya kisukari awe mwangalifu na mwarobaini, mlonge na karela. Mimea hii inaweza kushusha sukari, na ikijumlishwa na tembe au insulini sukari inaweza kushuka mno. Mgonjwa hutokwa jasho, hutetemeka, huchanganyikiwa na anaweza kuzimia.
- Maji machungu ya shubiri huendesha tumbo. Mzee anayemeza dawa ya presha inayomfanya akojoe sana anaweza kuishiwa maji na chumvi za mwili, na mapigo ya moyo yakavurugika.
- Balungi huzidisha nguvu ya baadhi ya dawa za presha na za kupunguza mafuta katika damu.
- Mafuta ya mkaratusi ni ya kunusa au kupaka, si ya kunywa. Yakinywewa ni sumu.

Kwa sababu hiyo, mhudumu wa afya anapouliza mgonjwa ametumia nini, aambiwe yote. Wagonjwa wengi huficha dawa ya kienyeji wakiogopa kugombezwa. Daktari asiyejua kwamba mgonjwa amekunywa mwarobaini siku tatu atatafuta sababu ya sukari kushuka mahali pasipo. Ni vyema kubeba chupa, kopo au hata jani lenyewe.

Kujifukiza na kunyweshwa

Mvuke hulainisha makamasi, na mtu hujisikia amefunguka pua kwa muda. Hata hivyo hauui virusi wala bakteria walio ndani ya mapafu. Kwa mzee, kujifunika blanketi juu ya sufuria ya maji yanayotokota kuna hatari tatu: kuungua maji yakimwagika, kizunguzungu na kuanguka, na sumu ya moshi usioonekana iwapo jiko la makaa limewekwa ndani ya chumba kilichofungwa. Anayetaka mvuke akae kitini, bakuli liwe juu ya meza imara, jiko liwe nje na mtu mwingine awe karibu.

Jambo jingine ambalo halizungumzwi sana ni kumnywesha mgonjwa kwa nguvu. Mzee anayesinzia au aliyechanganyikiwa hamezi vizuri. Dawa, uji au maji anayomiminiwa akiwa amelala chali huweza kupita njia ya hewa na kuingia mapafuni, na huko huanzisha nimonia mpya juu ya ile ya kwanza. Asipewe chochote kinywani mpaka awe macho na ameketi wima. Asiyeweza kuketi na kumeza ni mgonjwa wa hospitali tayari.

Kabla ya kununua kopo

Mzee wa miaka 70 na zaidi aliyesajiliwa katika mpango wa Inua Jamii hupokea shilingi 2,000 kwa mwezi. Kopo moja la virutubisho linaweza kuzimeza zote au sehemu kubwa yake, huku fedha hizo zingeweza kununua mayai, samaki, maharagwe, pojo na maziwa. Mzee aliyekonda hupigana vibaya na ugonjwa, na kinachojenga mwili wake ni chakula. Majani ya mlonge yaliyopikwa kama mboga ni chakula kizuri, na mti huo unaota nyuma ya nyumba nyingi. Hakuna sababu ya kuyanunua majani hayohayo kwa bei ya dhahabu kwa sababu tu yamesagwa na kutiwa kwenye tembe.

Anayeamua kununua aangalie mambo machache. Bidhaa za mimea zinazouzwa kama dawa nchini hupaswa kusajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Kopo liwe na jina la mtengenezaji, orodha ya vilivyomo, tarehe ya kwisha muda na kipimo cha matumizi. Bidhaa inayodai kutibu kifua, kisukari, presha na saratani kwa pamoja ni ya kutiliwa shaka. Vilevile dawa ya mimea inayoleta nafuu ya ajabu ndani ya saa chache. Katika nchi mbalimbali, wakaguzi wamewahi kukuta dawa za hospitali zenye nguvu, zikiwemo steroidi, zimechanganywa kwa siri ndani ya dawa zinazoitwa za asili. Steroidi hupunguza maumivu na kuleta hamu ya kula, lakini pia hupandisha sukari na presha na kuficha maambukizi yanayoendelea ndani.

Tahadhari hiyo inahusu pia antibiotiki. Kumeza tembe zilizobaki za jirani, au kununua dozi nusu dukani bila kupimwa, hakusaidii mafua kwa kuwa mafua husababishwa na virusi. Kunachofanya ni kuwazoesha bakteria dawa, ili siku ya nimonia ya kweli dawa hiyo isifanye kazi.

Dalili za kutosubiri

Mzee apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama hana joto na hata kama ametoka kunywa dawa ya mimea, akionyesha mojawapo ya dalili hizi:

- Anapumua mara 30 au zaidi kwa dakika. Hesabu kifua kikipanda kwa dakika nzima akiwa ametulia, bila kumwambia unahesabu.
- Hawezi kumaliza sentensi moja bila kukata pumzi, au mbavu zinaingia ndani anapovuta hewa.
- Amechanganyikiwa ghafla, hatambui watu, au anasinzia kupita kawaida.
- Midomo, ulimi au kucha zimegeuka rangi na kuwa za kijivu au buluu.
- Anasikia maumivu makali ya kifua, au anakohoa damu.
- Hali, hanywi, na amekojoa kidogo sana tangu asubuhi.
- Ameanguka au ameshindwa kusimama bila sababu inayoeleweka.

Kikohozi kilichofikisha wiki mbili, au kinachoambatana na kukonda na kutokwa jasho usiku, kipimwe kifua kikuu. Ugonjwa huu huwapata wazee pia, na mara nyingi hufichwa na neno "kifua cha baridi". Upimaji na dawa zake hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Kwa aina ya kawaida matibabu huchukua miezi 6, na hakuna mmea unaoweza kushika nafasi yake. Kadiri mzee anavyokaa na kikohozi hicho nyumbani, ndivyo wajukuu wanaolala chumba kimoja naye wanavyozidi kuwa hatarini.

Kituoni, mhudumu atasikiliza kifua, atapima kiwango cha oksijeni kwa kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni, na ikihitajika atatoa rufaa kwa picha ya eksirei au kupewa oksijeni. Kila familia ihakikishe mapema kwamba mzee wao amesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa kupiga *147# au kwa msaada wa mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji, badala ya kuanza kutafuta kitambulisho usiku wa dharura.

Kinga iliyothibitishwa hapa Kilifi

Kama kuna kinachostahili kuitwa kiongeza kinga, mfano wake uko hapa nyumbani. Mwaka 2011 Kenya ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo ya nimokoki, bakteria anayesababisha nimonia kali. Kilifi, watoto wote wa chini ya miaka 5 walilengwa katika kampeni ya mwanzo, na watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust wakafuatilia matokeo kwa miaka kadhaa. Ripoti yao, iliyochapishwa mwaka 2019, ilionyesha kwamba maambukizi makali ya aina za nimokoki zilizolengwa na chanjo yalipungua sana kwa watoto. Yalipungua pia kwa watu wakubwa ambao hawakuchanjwa. Sababu ni kwamba nimokoki hukaa puani mwa watoto, na kutoka huko huwafikia babu na nyanya wanaowabeba. Mjukuu aliyekamilisha chanjo zake anamlinda mzee wake.

Wazee wenyewe wanaweza kuuliza kituoni kuhusu chanjo za homa ya mafua, korona na nimokoki kwa watu wazima, hasa wenye kisukari, moyo au pumu. Nyumbani, jiko la kuni litolewe nje au lifunguliwe dirisha. Sigara iachwe. Mwenye mafua aoshe mikono, akohoe kwenye kiwiko na asimkaribie sana mzee mpaka apone. Kinywa cha mzee kisafishwe kila siku, kwa kuwa vijidudu vya meno bovu huweza kushuka mapafuni.

Kikombe cha tangawizi na asali kiendelee kuwa mezani, kwa kuwa kinatuliza koo na humwonyesha mzee kwamba anajaliwa. Anapokinywa, mtu aketi kando yake amhesabie pumzi. Zikifika 30 kwa dakika, kikombe kiachwe na safari ya kituo cha afya ianze.